Watoto Wawili, Anwani Moja

Barua zote mbili zilikuja siku moja katika sanduku moja la posta, na Bernardine akapanda nazo ngazi akiimba. Moja ilikuwa ya mwanawe Yves, wa miaka mitano. Nyingine ilikuwa ya Byamungu, wa miaka mitano pia, mtoto wa rafiki yake Rachelle. Kwa ofisi ya shule, Byamungu aliishi hapa Minneapolis, nyumbani kwa Bernardine. Kwa Mungu na majirani, aliishi Brooklyn Center, mji wa jirani, na mama yake.

Kuzisoma ilikuwa kazi nyingine. Katika nyumba nyingi za Wakongo wa mji huu, msomaji wa barua ni mtoto. Unampa mwanao bahasha, naye anakueleza mambo ya daktari, ya umeme na ya mwenye nyumba, huku akijiona waziri. Bernardine naye alikuwa na binti wa kumpa, Uwase, wa miaka tisa, aliyekuwa mwaka wa nne katika shule ya mtaani. Uwase alimwaga Kiingereza kama redio. Lakini ukimpa ukurasa, aliushika, akautazama, kisha akaomba kwenda chooni. Hakujua kusoma. Walimu walisema ni mtoto mtulivu, wakampandisha darasa, na mwaka uliofuata wakampandisha tena. Utulivu wake uliwafaa sana.

Ndiyo sababu Bernardine aliitaka shule nyingine kwa ajili ya Yves, ile ya matofali mekundu ng'ambo ya bustani, ambako watoto wa darasa la kwanza walisoma vitabu vizima kwa sauti. Shule ile haikuingiwa kwa kupenda. Majina yalichomolewa kwa kura ya bahati nasibu, na matokeo ya mwaka huo ndiyo yaliyokuwa ndani ya bahasha.

Akazipeleka dukani kwa Arafa, Mkenya wa Mombasa anayeuza mchele na vitenge, mwanamke asiyejua kulainisha neno. Arafa alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza. Byamungu amepata nafasi. Yves hakupata, ila ni wa kwanza katika orodha ya wanaosubiri. Akitoka mtoto mmoja, Yves anaingia. Asipotoka mtu, basi.

Bernardine akasema haiwezekani, hao ni wa nyumba moja, hawawezi kuchukua mmoja wakamwacha mwenzake. Arafa akavua miwani.

"Dada yangu, kura haiangalii nyumba. Yaangalia kichwa kimoja kimoja. Sasa wewe ulimtafutia mwanao mshindani, ukamkaribisha ndani?"

Ndivyo alivyofanya hasa, na hakuna aliyemlazimisha. Kule kambini Tanzania, walikokaa miaka mingi, nyumba yenye vichwa vingi ndiyo iliyopewa unga mwingi na turubai kubwa. Mtu mwenye akili alijaza watu katika kadi yake: shangazi, yatima, hata mgeni wa wiki moja. Na familia iliitwa yote pamoja kwenda Marekani, haikukatwa vipande. Kwa hiyo Bernardine aliposikia habari za kura ya shule, alijua la kufanya, au alidhani anajua. Alimpigia simu Rachelle akamwambia amwandikishe Byamungu kwa anwani yake, maana watoto wawili watakuwa na uzito kuliko mmoja, na watachukuliwa wote. Rachelle aliogopa. Bernardine akambembeleza siku tatu mpaka akakubali. Mume wa Bernardine, Habimana, anayefanya kazi kwenye ghala moja huko Plymouth, alishauri waulize kwanza. Bernardine akamjibu kwamba yeye anajua maboksi, mambo ya watoto amwachie.

Sasa Habimana alisikia matokeo, akavaa viatu vyake vya ghala, akaenda kazini.

Jumamosi Bernardine akapanda basi kwenda Brooklyn Center. Theluji ilikuwa imegeuka tope kando ya barabara. Njia nzima alipanga maneno, ingawa alijua hatayasema yote. Kwao jambo kama hili haliombwi waziwazi. Unakaa, unaeleza shida yako, unanyamaza, na mwenye kitu, kama ana moyo, anakitoa mwenyewe kabla hujaaibika.

Rachelle alikuwa jikoni akipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mumewe alifia kambini, na Byamungu ndiye mtoto pekee aliyemwachia. Aliposikia kwamba mtoto amepata nafasi, aliketi sakafuni palepale akalia, na Byamungu akaja kumfuta machozi kwa mkono wa sweta yake. Baada ya muda ndipo akauliza habari za Yves.

Bernardine akamweleza taratibu, bila kuficha: Yves ni wa kwanza kusubiri, na ataingia mmoja wa waliopata akiiacha nafasi. Kisha akaweka mikono mapajani akanyamaza.

Rachelle alikuwa ameelewa, hilo halikuwa na shaka, kwa sababu hakuuliza swali la pili. Akainuka kwenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Mama Uwase," akasema bila kugeuka, "tutaomba Mungu. Pengine mutoto moja atahama."

"Mutoto gani?"

"Minajua wapi, dada? Mungu njo anajua."

Akajaza sombe katika chombo, akajaza samaki katika kingine, akavifunga kwenye mfuko, akamsindikiza mgeni wake hadi kituoni, na njia nzima alikataa kumwachia mzigo. Basi lilipofika, akamkumbatia kwa nguvu. Bernardine akapokea mfuko ule, akasema asante. Ndani ya basi mfuko ulimchoma mapaja kwa joto lake, naye akawa anajitukana kwa ile asante. Alikuwa amekwenda kuchukua nafasi ya shule, akarudi na mboga. Jioni Habimana alikula akasifu, akaongeza, na mkewe akamtazama kama mtu asiyemjua.

Wiki iliyofuata simu ililia alasiri, siku ambayo Bernardine hakwenda kazini. Ilikuwa ofisi ya shule, pamoja na mkalimani. Mkalimani alikuwa mwanamume, Mtanzania kwa sauti, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Akaeleza kwamba ofisi inahakikisha anwani za watoto waliopata nafasi, kwa kuwa baadhi ya wazazi wa nje ya mji huandikisha watoto wasiostahili. Walikuwa na swali moja tu.

"Je, mtoto Byamungu anaishi hapo kwenu?"

Neno moja lingetosha. Tangu aliposikia kwamba ofisi huuliza, Bernardine alikuwa amelifanyia mazoezi katika hoteli anakofanya kazi, akikunja mashuka, na kanisani pia, Mungu amsamehe, Rachelle akiwa ameketi safu ya mbele yake. Hapana. Hata dhambi halikuwa, ndio ukweli wenyewe. Angesema hapana, na mwezi wa tisa Yves angeingia kwenye jengo la matofali mekundu, akatoka huko anasoma. Uwase, aliyekuwa ametoka shule, alikuwa mezani karibu yake akichora, na Bernardine akamtazama, akafungua kinywa alitamke.

"Mama, upo?" mkalimani akauliza. "Wanataka kujua, huyu mtoto ni wako?"

Swali hilo alikuwa hajaulizwa yeye. Aliulizwa Rachelle, mwaka ule Bernardine alipobebwa na homa hadi hospitali ya kambi, Habimana akiwa mbali akitafuta vibarua, na kila mtu akajua hatarudi. Maofisa walipita hema kwa hema wakikusanya watoto wasio na watu, ili wawapeleke kwenye kambi nyingine. Wakamkuta Uwase, wa mwaka mmoja, mgongoni mwa jirani, ndiye Rachelle. Wakauliza huyu ni wa nani. Rachelle hakuwa na undugu naye, wala hakuwa na unga wa kumlisha. Aliwajibu kwamba ni wake, na akaendelea kutwanga. Bernardine alisimuliwa alipopona, na tangu siku hiyo hawakulizungumzia tena.

"Ni wangu," Bernardine akasema. "Anaishi hapa."

Mkalimani akatafsiri, akasikiliza, akasema kila kitu kiko sawa. Nafasi ya Byamungu imethibitishwa. Kuhusu Yves, ofisi inasikitika, lakini shule ile haipotezi watoto, na familia ingefanya vizuri kumwandikisha mapema katika shule ya mtaani kwao. Akawatakia jioni njema.

Bernardine akaketi. Msije mkadhani alijisikia mtu mwema. Alimchukia Rachelle na sombe yake. Alimchukia mkalimani kwa Kiswahili chake safi na kwa kuuliza lile swali mara ya pili kwa namna ile. Zaidi ya wote alijichukia yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa amempokonya mwanawe kitu ambacho kilikuwa tayari kimeanguka mkononi, na hakuweza hata kujiambia kwamba akiulizwa tena angefanya vingine. Akalia kwa hasira, bila sauti, ili mtoto asisikie.

Lakini Uwase alikuwa amesikia yote. Akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama Yves atakuja kwenye shule yake. Mama akatikisa kichwa kukubali, akajaribu kutabasamu, akasema itakuwa vizuri, watakuwa wawili. Uwase akaweka penseli chini. Akafikiri kidogo, amekunja uso kama mtu mzima mwenye majukumu, kisha akaja kumshika mama yake bega, na safari hii akaongea Kiswahili.

"Usilie, mama. Nitamuonyesha namna ya kufanya. Unakaa nyuma kabisa, unanyamaza, na mwalimu hatakuambia usome."