Mzigo wa Mke wa Gundi

Cherehani ndiyo iliyotangulia kupanda, imeviringishwa kwa shuka. Gundi aliipokea juu ya keria ya basi, akailaza ubavu, akaiegemeza kwenye chuma cha mbele ambako haiwezi kuserereka. Mke wake alisimama chini, kiganja kwenye paji la uso kukinga jua, akiangalia mali yake kama abiria mwingine yeyote.

Pale kituoni walimwita Gundi kwa sababu alichokifunga hakikuwahi kusogea. Madereva walimgombania. Nyumbani ndiko kulikomshinda. Tangu wamzike mtoto wao, ulimi wake ulikufa ganzi. Alirudi kutoka kazini, akala, akageukia ukuta. Mke alivumilia mpaka akachoka. "Hata gunia la mahindi hutoa sauti likidondoshwa," alimwambia juzi, na wote wawili nusura wacheke. Kisha akasema anakwenda kwa dada yake.

Hakusema ni kwa muda gani. Gundi naye aliogopa kuuliza.

Kitanda kilifuata, kimeshafunguliwa vipandevipande, kisha godoro. Gundi alichukua kamba yake mwenyewe, ile aliyoitunza kwa mizigo ya watu wa heshima, akaikandamiza mali kwa goti, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwishoni akafunga fundo la kuvuta. Hilo alilifunga kwa msafiri wa kurudi: huko aendako utingo huvuta ncha tu, kamba ikabaki nzima kwa safari ya pili. Aliyehama alifungiwa fundo la kufa, likakatwe kwa kisu. Abiria hawakuijua tofauti hiyo. Mke wake aliijua, maana ndoa ilipokuwa changa walikaa jioni wakifunga na kufungua mafundo kwenye mguu wa kitanda hicho hicho, wakicheka.

"Umefunga la kuvuta," alisema kutoka chini.

"Ndiyo."

"Lifungue, mume wangu."

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Gundi, kaka yangu, watu wameshakaa."

Gundi alipiga magoti juu ya godoro. Alitaka kumwambia abaki. Alitaka kumwambia kwamba yeye pia alimlilia mtoto, ila hakujua alilie wapi. Maneno yalimjaa kinywani yakasongamana, na lililopenya likawa la kipuuzi.

"Hii ni kamba yangu ya kazi. Siwezi kuiacha ikakatwe."

"Nilijua utasema hivyo."

Mke akafungua mkoba, akamrushia kamba mpya. Gundi aliidaka. Ncha zake zilikuwa zimechomwa moto zisifumuke, kama alivyomfundisha mwenyewe.

Akaifungua ile ya kwanza, akaanza upya. Aliipitisha ile mpya juu ya cherehani, akaizungusha kwenye mbao za kitanda, akairudisha hadi chuma cha nyuma, na muda wote aliomba iwe fupi. Kila alipoivuta, ilifika. Mtu alikuwa amekipima kitanda hicho mbao kwa mbao, na godoro, na cherehani, Gundi akiwa huku kituoni akiwafungia watu mizigo yao.

"Imekaza?" mke aliuliza.

"Bado kidogo," alisema, akafunga fundo la kufa. Kamba ilitosha. Haikubaki hata ya kushika.