Mayai Yaliyonihamisha Sebuleni

Mpwa wangu, fundi redio, alitengeneza sanduku la kuangulia mayai. Joto lilitoka kwenye taa ya mafuta iliyowekwa chini yake. Pembeni akafunga kompyuta ndogo, ubao mtupu usiozidi kiganja, wa kupima joto na kuwasha feni. Mayai thelathini ya kwanza yaliharibika kwa sababu ubao ulikuwa ukizima na kujiwasha upya kila mara. Mama yake, yaani dada yangu, akasema na haya ya pili yakiharibika, sanduku litoke jikoni kwake na lisirudi.

Siku ya kumi na mbili ubao ukazima tena. Mpwa wangu alishabadilisha chaja, akabadilisha kadi ya kumbukumbu, sasa akawa anaulaumu ubao wenyewe. Mimi nikawa nakwepa kutazama dari, na hilo likamtia shaka. Akachukua mita. Sebuleni, kwenye chaja, volti tano. Jikoni, kwenye ubao, feni ilipoanza kuzunguka, nne na kitu.

"Mjomba, huko juu ya dari ulipitisha waya gani?"

Nikakiri. Dada hakutaka kuku sebuleni, na jikoni hakuna soketi, basi niliunga waya wa kengele ya mlango, mita tisa, nikauficha kwa ustadi mkubwa. Mtu niliyechimba mifereji ya maji katika mashamba ya watu nilipaswa kujua: bomba likiwa jembamba na refu, wa mwisho huambulia matone.

Mpwa wangu alisema dawa ni waya mfupi, mnene, na chaja iwe karibu. Sebuleni soketi ni moja tu, kwenye pembe ninapotandika godoro langu.

Dada alilitazama kabati lake la vyombo, kisha godoro.

"Mayai yaje. Huyu Guu-na-Njia ahamie jikoni."

Nimelala stendi, nimelala stoo za saruji. Kufukuzwa na mayai ilikuwa bado. Lakini kosa langu mwenyewe, nikakunja godoro. Tangu hapo ubao haukuzima hata mara moja.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, napasha chai, dada akaniita. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Yai moja lilikuwa na tundu, na mdomo mdogo ukichungulia. Nikauliza kama sasa nitarudishiwa pembe yangu.

"Subiri kwanza," akanong'ona. "Wewe umezoea safari. Hawa ndiyo kwanza wanafika."