Poda ya Lisansi

Saa moja ya asubuhi Adeline alikuwa amekwisha kupanga makala yake, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba, katika mtaa wa Lumumba: mafungu madogo juu ya bati, makubwa chini juu ya gunia. Mteja wa kwanza, mama mmoja mwenye haraka zake, aliokota fungu, akaligeuza, akakunja uso.

"Mama, makala yako iko na poda."

"Poda haizuie moto kuwaka."

"Na ile ni kweli," alisema yule mama. Akafunga makala ndani ya kitenge, akaenda zake.

Ilikuwa poda ya mwaka wa tisa. Siku Adeline alipotangazwa kuwa amefaulu lisansi, digrii ya chuo kikuu, ya maendeleo vijijini, ndugu zake walifanya kama wanavyofanya watu wote wa Bunia wakipata mtoto aliyefaulu. Walitandika vitenge chini apite juu yake, wakapiga vigelegele, wakammwagia makopo mazima ya poda kichwani hadi nyusi zikapotea. Jioni alioga, akajisugua kwa nguvu. Maji yalitoka safi na poda ikabaki palepale. Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu mjini anajua kwamba poda ya lisansi haitoki kwa maji; inaanguka yenyewe siku ile diploma inapoingia kazini. Mwenzake mmoja aliyekuwa wa mwisho darasani, ambaye mjomba wake ni mkubwa katika ofisi fulani, yake ilianguka kabla wali wa sherehe haujaiva.

Ya Adeline ilikaa. Mchana kutwa ilidondoka kidogo kidogo, juu ya shuka, juu ya mboga ya sombe, juu ya vichwa vya watoto wake wawili akiwasuka, na kila asubuhi ilikuwa imetimia tena. Mwanzoni aliuza unga wa mihogo. Wateja wakalalamika kwamba fufu inanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, ndipo akahamia makala.

Sasa juu ya kabati kulikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kuomba lisansi ya pili, ya ukunga. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na orodha ingefungwa Ijumaa. Wazo hilo lilimwingia mwaka uliopita, jirani yake Annie alipofariki akijifungua katika ua wao, huku Adeline, na lisansi yake nzima, akiwa amesimama kando ameshika beseni la maji asijue la kufanya. Tangu siku ile beseni lilimwelemea kila alipolishika. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Alichoogopa ni poda ya pili, naye aliijua vizuri, maana ilikuwamo katika ukoo.

Ilikuwa ya shemeji yake Olivier, aliyesoma sheria, akangoja, kisha akasoma uchumi. Ya pili ilikuwa imelala juu ya ya kwanza, nzito kama chokaa, ikamfika kifuani. Akipita barabarani pikipiki zinapunguza mwendo. Akila, anajifunika kitambaa yeye pamoja na sahani. Mchana wa Jumatano alikuja kula na kaka yake Katsuva, mume wa Adeline, aliyekuwa ametoka Komanda na lori.

"Shemeji, usijaribu," alisema Olivier kutoka chini ya kitambaa. "Ya kwanza inakuwasha. Ya pili haiwashe tena, unaizoea. Na ile ndiyo mubaya."

"Elimu haina mwisho," Katsuva alimtania mke wake, "na poda pia. Siku moja nitakutafuta mu shuka nyeupe nikukose!"

Walicheka wote watatu, na kitambaa cha Olivier kikatoa vumbi. Kisha Katsuva akanawa mikono, akawa mtu mwingine.

"Mimi siko nakukataza, Adeline. Lakini miaka yote ile, nani atauza makala? Na ukirudi na poda mbili, batoto batakula diploma?"

Katsuva alikuwa amesema kwa sauti yale ambayo Adeline alikuwa akijiambia kila usiku. Alikusanya sahani, na siku nzima hakuigusa ile bahasha.

Alhamisi mvua ilinyesha toka alfajiri. Saa nne Chancelle, mwanamke aliyekimbia vita kijijini kwao na kupanga chumba nyuma ya ua, alianza kulia kwa uchungu. Katsuva alikimbia kumwita mkunga, Marie-Claire, katika nyumba ya uzazi kule Mbunya. Lakini barabara ilikuwa tope tupu, na mtoto hakuwa na habari za barabara. Adeline alitandika kitenge safi, akapiga magoti. Eh Mungu, si tena, alisema, si tena humu.

"Sukuma, mama. Niko hapa. Sukuma!"

Mtoto alitoka mara moja, akateleza mpaka mikononi mwake, wa kike, mweupe toka utosi hadi nyayo kwa yale mafuta wanayokuja nayo, kama aliyetoka kutangazwa kuwa amefaulu. Hakulia. Adeline alimpangusa kinywa, akampangusa pua, akamsugua mgongo, akamsugua tena. Ndipo mtoto akakunja ngumi na kupiga kelele. Mtu ambaye dakika moja iliyopita hakuwapo alikuwa sasa amelala mikononi mwake, mzima, na amemkasirikia. Hakuwahi kuona kitu kikubwa namna hiyo, wala hakujua kwamba mtu anaweza kukibeba kwa mikono miwili.

Akamlaza kifuani pa mama yake, akamfunika. Ndipo alipoona viganja vyake mwenyewe. Vilikuwa na rangi yake. Mistari ilikuwa pale, yote, ambayo hakuwa ameiona miaka tisa.

Marie-Claire alifika na tope hadi magotini. Alikata kitovu, akangoja kondo, akamkagua Chancelle bila kuharakisha. Alikuwa mweupe kichwani na mabegani, lakini kutoka viwiko hadi kucha mikono yake ilikuwa safi kabisa. Aliiona ya Adeline, akatikisa kichwa kidogo, na poda ikamwagika begani.

"Yangu ilianza vile vile."

"Na kichwa?"

"Mikono ni ya kazi, iliangusha siku ya kwanza. Kichwa kinangojea barua kutoka juu. Miaka kumi na moja niko nazalisha, na jina yangu haiyaingia mu listi ya bale banalipwa."

"Na unabakia?"

"Nikienda, Chancelle atabakia na nani?" Marie-Claire alimpa kitambaa. "Panguza pale."

Jioni Adeline alimwonyesha mume wake viganja. Katsuva alikuwa bado hajavua viatu. Aliushika mkono mmoja, akausogeza karibu na mlango penye mwanga, akapitisha kidole katikati, polepole.

"Huu mukono nilikuwa nimeusahau," alisema. "Makala tutaona, mama. Mimi na batoto tutaona."

Ijumaa safu ilianzia mlangoni mwa ofisi ya chuo, ikashuka kilima, ikapita maduka ya simu, ikakunja kona. Wengi walikuja kutafuta lisansi ya pili, na wachache ya tatu. Wale wa mara ya kwanza, nywele bado nyeusi, walionekana mmoja mmoja kama maharagwe ndani ya mchele. Saa tano upepo ukavuma, na poda yote ikanyanyuka pamoja. Ilifunika barabara, ilifunika mapaa, na pikipiki ziliwasha taa mchana. Adeline aliinua uso. Hewani mle mlikuwa na wahandisi, walimu wa hesabu, mabwana shamba, watu wa sheria. Mji mzima ungejengwa mara mbili na wengine wakabaki. Jua lilipita katikati yake, na ilikuwa nzuri mno. Hakuwa amejua kwamba walikuwa wengi kiasi hicho.

Kisha upepo ukatulia, na kila poda ikarudi juu ya kichwa cha mwenyewe. Safu ikasogea hatua moja.

Zamu yake ilipofika, alikuta karani ni kijana mweupe hadi mabegani.

"Ni ya pili, mama?"

"Ya pili. Ukunga."

"Kisha masomo utatumika kazi wapi?"

"Kule Mbunya, pale batu banazaliwa."

"Banalipa mushahara pale?"

"Apana."

"Hapa pia apana," alisema karani. Akaandika jina lake taratibu, kwa mwandiko mzuri sana, akamwita anayefuata.