Jetoni za Bati

Mgeni aliingia Jumapili, watu wengi wakiwa bado misani, na badala ya kuagiza bia akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya mchezo wa video. Mado, mwenye baa, alikuwa amepiga magoti akiifuta kioo. Kwanza aliona viatu: vyeusi, vya mtu wa mjini, vumbi jekundu la mtaa wa Kamalondo limevishinda. Kisha abakosi, suti ya kizalendo isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Citoyenne," mgeni akamwita, yaani mwananchi, "mashine iko inatumika bado?"

"Iko inatumika kama miye," Mado akasema. "Asubuhi unaipiga kwanza mugongo."

Mgeni alicheka vizuri, bila dharau. Alisema jina lake la ofisini ni refu, lakini mama yake humwita Clément, na yeye hukodisha mashine za michezo kwa mabaa. Akanunua jetoni moja, kipande cha bati cha kutumbukiza badala ya sarafu, akacheza. Kwenye kioo mtu mdogo mweupe alipanda ngazi akibeba ndoo ya maji, akikwepa mawe, na Clément akamfikisha mahali ambapo Kamalondo nzima haikuwahi kumwona. Halafu kioo kikafifia, kikabaki kijivu kama maji ya kuoshea sufuria.

Alimwambia Mado kwa upole kwamba mashine ile haitafika Krismasi. Yeye angemletea mpya, yenye rangi, na mapato wangegawana; Mado akamwambia kwamba fungu lake lingemnunulia frigo ya kupozea bia. Sharti lilikuwa moja: itakula jetoni za kampuni pekee.

"Na hizi zangu?"

"Zitakufwa, Mama. Hata noti zilikufwa."

Heri asingetaja noti. Mado alikaa kwenye kreti la bia.

Jetoni zake zilikatwa na fundi bati wa mtaa kutoka kwenye makopo ya maziwa, kwa sababu sarafu za nchi zilikuwa zimekwisha thamani, hakuna aliyezibeba. Mteja wa kwanza kununua nyingi alikuwa Papa Ngosa, mzee aliyestaafu mgodini. Mwaka ule noti zilipobadilishwa, Papa Ngosa alisimama kwenye mstari wa benki na akiba yake yote, mlango ukafungwa mbele ya pua yake. Alirudi nyumbani na fungu la karatasi. Tangu hapo hakuamini tena kitu kilichochapwa. Lakini bati aliliamini. Kila bei ya bia ilipopanda, bei ya mchezo nayo ikapanda, na yeye alikuwa amekwisha nunua kwa bei ya jana. Hakuwahi kucheza hata mara moja. Alisema anangoja miwani. Ni yeye aliyemuuliza Mado kama jetoni zitazeeka, na Mado, mbele ya wanywaji wote, akajibu, "Ununue leo, Papa, ucheze mwaka wowote. Jetoni ya Mado haiwezi kufwa."

Neno lile lilitembea mbali kuliko yeye mwenyewe. Muuza maandazi alianza kuzipokea kama chenji. Shangazi mmoja alizifunga kwenye leso akamzawadia bibi harusi. Sasa nusu ya mtaa ilikuwa imeweka imani yake katika makopo ya maziwa, na mashine ilikuwa inakufa.

 Mado aliomba kwanza aione hiyo mpya.

Ililetwa Ijumaa kwenye mkokoteni, na baa ikajaa. Kwenye kioo chake ndege nyekundu iliruka juu ya bahari ya buluu, watu wakasukumana kuitazama. Lakini kila aliyeshika mpini alikufa mchezoni kabla kiti hakijapata joto. Fundi cherehani mmoja aliambiwa na rafiki zake kwamba hata sindano inamshinda, na mwenye kumcheka akakaa, akafa upesi zaidi. Mado alimvuta Clément pembeni. Mchezo wa zamani ulikuwa mbaya wa sura, akamwambia, lakini ukifa ulijua kosa ni lako. Huu je?

Clément alitazama viatu vyake. Alikiri kwamba nyuma ya mashine kuna vitufe vidogo vya kupanga ugumu, na kampuni inataka viwe juu, kwani mashine zinanunuliwa kwa fedha za kigeni na lazima zirudishe haraka.

"Mutu anaibiwa na kitu kizuri mara moja tu," Mado akasema. "Kesho harudi. Kazi yenu itakufwa kabla ya bati yangu."

 Clément akaanza kusema kama mtu anayetoa siri: kwamba siku moja kila nyumba itakuwa na mashine yake, ndogo kama redio, na labda mtoto wa Kamalondo ndiye atakayetunga mchezo, wenye mawe na ngazi za huku, na watu wa mbali waulipie. Mado alimsikiliza akaona kwamba anaupenda mchezo kweli. Ndipo akamwambia shauri lake. Angeipokea mashine. Kila jetoni ya bati itakayoletwa, yeye atanunua ya kampuni kutoka fungu lake la mapato na kuitia mwenyewe kwenye mashine.

"Mama, frigo uliyokuwa unaniambia, utaisahau. Mwaka mzima, labda."

"Bia ya moto haijaua mutu."

Papa Ngosa alikuja kesho yake mchana, kopo kwapani, jetoni tatu mkononi, miwani ya kuazima puani. Alikaa kwa heshima kama mtu aliyeingia ofisini. Ndege yake ilianguka mara moja. Ya pili pia. Clément, aliyekuwa amekuja kuangalia nyaya, alipita nyuma ya mashine, kwenye vile vitufe, akakaa huko kidogo, akarudi akijipangusa mikono. Safari ya tatu ndege ilipaa juu ya bahari, ikaendelea kupaa, na mzee akaanza kuegemea kushoto na kulia pamoja nayo.

Ilipoanguka hatimaye, alifungua kopo. Lilikuwa limejaa jetoni mpaka mdomoni.

"Ingine, Mama Mado."

Mado alipokea kipande cha bati, akakitia kwenye pindo la kitenge. Akachukua jetoni mpya kutoka fungu lake, akaitumbukiza.