Hospitali ya Kompyuta

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa na Babati ikawa makao makuu, kompyuta ziliingia mjini kama wageni wa msiba: hakuna aliyejiandaa, na zote zilitaka kuhudumiwa. Maofisa wapya walizileta zikiwa zimeviringishwa kwenye mablanketi nyuma ya malori. Vumbi la kiangazi halikuchelewa kuzipata, na umeme wa kupanda na kushuka ukazimalizia. Zuwena alikuwa akizitengeneza katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, jirani na stendi. Hakuwa na mbwembwe. Mlangoni aliandika kwa chokaa, MATENGENEZO YA KOMPYUTA, basi.

Ng'ambo ya barabara ndiko kulikokuwa na mbwembwe. Huko Muzamil, aliyekuwa mume wake, alitundika kibao kipana kuliko mlango wenyewe: HOSPITALI YA KOMPYUTA. Pembeni alichora kompyuta iliyofungwa bendeji kichwani. Yeye mwenyewe alivaa koti jeupe la daktari, kalamu mbili mfukoni, akawa anapokea wateja kwa kuwauliza, "Mgonjwa ameanza lini kujisikia vibaya?" Na watu wazima, wenye akili zao, walicheka na kumwachia mashine zao.

Zuwena alilidharau lile koti. Zaidi alimdharau aliyekuwa ndani yake.

Alikuwa na sababu. Walisoma wote ufundi wa kompyuta Arusha, mwaka mmoja, wakiwa bado wachumba. Darasani Muzamil alilala. Zamu yake ya vitendo ilipofika, alimkonyeza Zuwena, Zuwena akafanya, yeye akasimama mbele ya mwalimu akifuta mikono isiyoshika kitu. Waliporudi Babati na kuoana wakafungua kibanda kimoja. Muzamil alikaa mbele akiongea, Zuwena akakaa nyuma ya pazia akitengeneza, na mji mzima ukamsifu Muzamil kwa mikono yake ya dhahabu. Kisha siku ya Idi, mbele ya wageni, akasema kwamba mwanamke anayenuka risasi ya kulehemu hafai kuitwa mke. Wageni walicheka. Mwezi haukupita akampa talaka, akamuoa Hadija, binti mlaini wa muuza vitenge.

Kilichobaki kati yao kilikuwa mtoto wao, Shadya, na heshima za mdomoni. Muzamil alimwita "Mama Shadya", naye akaitwa "Baba Shadya", na asiyewajua angedhani wanapendana.

Mwezi wa saba, baridi ikiteremka kutoka Mlima Kwaraa na kila mtu akiwa ndani ya sweta, Zuwena alisimama mlangoni akaona teksi ikisimama mbele ya hospitali. Aliteremka Mwalimu Rogathe wa Nakwa, mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. Dereva alimbebea kompyuta yake ya mezani. Zuwena alijua kilichomo ndani, maana Nakwa nzima ilijua. Kabla mama yake hajafariki, Mwalimu alimrekodi akisimulia hadithi za kale kwa Kigorowa, na sauti zile hazikuwa mahali pengine duniani ila kwenye hadidiski, ghala la kumbukumbu la kompyuta ile. Mwalimu alitazama kwa Zuwena, akatazama kibao chenye bendeji, akaingia kwenye bendeji.

"Haya," Zuwena alisema peke yake. "Kasomeshe watoto wa watu miaka yote ile, halafu kapumbazwe na koti."

Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, mlio ulisikika kutoka ng'ambo. *Paa!* Kama gurudumu la lori limepasuka. Moshi mweusi ukachungulia dirishani, kisha Muzamil akatoka akikohoa, koti limeingia masizi kifuani. Zuwena alicheka mpaka akaweka koleo chini. Alicheka peke yake chumbani, na kicheko kilimwenda vizuri mwilini kuliko chai ya tangawizi.

Muda haukwenda sana, mlango wa uani ukagongwa. Muzamil alikuwa amesimama pale na gunia la mahindi mikononi, kompyuta ndani yake. Koti alilikunja akalibana kwapani, amebaki na sweta la sufi.

"Mama Shadya. Habari za hapa?"

"Nzuri, Baba Shadya. Nimesikia mgonjwa amekata roho."

Muzamil hakucheka. "Pawasaplai yake ya zamani ilikufa. Nikamwekea nyingine. Ile niliyouziwa dukani ilikuwa mbovu, naona."

Zuwena alivuta gunia, akaigeuza kompyuta na kutazama mgongoni mwa pawasaplai, boksi la kupokea umeme, pale waya unapoingia. Kulikuwa na swichi ndogo nyekundu. Kwa umeme wa nchi hii, ilitakiwa isomeke 230. Ilisomeka 115.

"Nani aligusa hii?"

"Mimi. Niliishusha ili isile umeme mwingi."

"Umefikiri ni moto wa jiko, unapunguza ugali usiungue?"

"Mama Shadya, si wakati wa maneno."

"Hii swichi inaiambia mashine itegemee umeme wa aina gani. Umeiambia itegemee mdogo, kisha ukaichomeka kwenye mkubwa. Umemshindilia mtu chakula cha watu wawili, akapasuka tumbo. Halafu unasema dukani wamekupa mbovu."

"Mwalimu anakuja mchana huu," Muzamil alisema, na sauti yake ikashuka. "Alinifundisha shule ya msingi. Nitamwambia nini?"

Hapo ndipo Zuwena angeweza kumfungia mlango, na usiku angelala vizuri. Lakini alifikiria sauti ya yule bibi, mama wa Mwalimu, ikiwa imefungiwa humo ndani. Na kulikuwa na jambo jingine alilolitaka zaidi kuliko kufunga mlango: alitaka kumwona Muzamil akifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, hapo mezani, bila pazia na bila mtu wa kumkonyeza.

"Utaifanya wewe," alisema. "Mimi siingizi vidole vyangu kwenye uchafu wako. Nitakuambia, wewe utafanya."

Muzamil alikubali upesi, upesi wa mtu aliyezoea kwamba mwishowe wengine watafanya. Aliweka kompyuta mezani, akaichomeka ukutani ili amwonyeshe jinsi isivyowaka, akabonyeza, haikuwaka. "Unaona? Labda ni fyuzi tu." Zuwena aligeuka kwenye rafu za nyuma kutafuta pawasaplai nzima na utepe wa kuunganishia hadidiski.

Alipogeuka tena, Muzamil alikuwa ameitoa pawasaplai kwenye nafasi yake na kuifungua kifuniko. Hilo ni boksi lisilofaa kufunguliwa. Hata likikaa bila waya, umeme hubaki umejificha humo ndani ukimngoja mjinga. Na hili lilikuwa bado na waya, waya ulikuwa ukutani, na swichi ya ukutani ilikuwa imewashwa. Muzamil alikuwa ameinama na bisibisi ya chuma, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, akitafuta fyuzi yake.

Zuwena aliona vyote hivyo kwa mtazamo mmoja. Na hakusema neno.

Haikuwa muda mrefu. Ilikuwa pumzi moja, ile ya kuvuta na kuachia. Lakini ndani ya pumzi ile aliona waziwazi, kama mtu anayesoma kibao: ncha ya bisibisi ikiteremka, vidole vile visivyoshika kitu, wageni wa Idi wakicheka. Akawaza, *Acha ajifunze*. Alijisikia akiwaza hivyo kwa utulivu kabisa, kama anayewaza kununua chumvi.

Kisha akaruka. Pawasaplai aliyokuwa ameishika ilianguka sakafuni. Aliuvuta waya ukutani kwa nguvu hata soketi ikalegea, na kwa mkono mwingine akamsukuma Muzamil kifuani. Muzamil alirudi nyuma, akaangukia kiti, bisibisi ikaviringika chini ya meza.

"Una wazimu?" Muzamil alifoka. "Unanipiga?"

"Waya!" Zuwena alisema. Alikuwa ameushika waya juu kama nyoka aliyemuua. "Waya ulikuwa ukutani!"

Muzamil aliutazama waya, akatazama boksi lililo wazi. Rangi ilimtoka kidogo. Halafu akatabasamu, na lile tabasamu Zuwena alilijua. "Basi yameisha. Unapenda kufoka tu."

Zuwena aliketi. Alitaka kumtukana na hakupata tusi. Matusi yote aliyokuwa ameyahifadhi miaka ile yalikuwa pale pale, yamepangika, lakini hakuweza kuchukua hata moja bila kuigusa ile pumzi.

"Vua sweta," alisema mwishowe.

"Baridi yote hii?"

"Vua. Sufi inazaa cheche ndogo usizoziona. Wewe hazikuui. Memori inakufa."

Alivua. Kuanzia hapo Zuwena alisema kwa sauti ya chini, isiyo na mzaha, na Muzamil alifanya. Lile boksi lililofunguliwa liliwekwa pembeni, hakuna aliyeligusa tena. Alibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta ikiwa haina waya, ili umeme uliobaki kwenye mazabodi, ubao mkuu wa mashine, uishe. Aligusa chuma cha kava kabla ya kugusa kingine chochote. Alifunga pawasaplai nzima, na safari hii alisoma swichi nyekundu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mia mbili thelathini." Waliichomeka. Feni haikuzunguka. Mazabodi ilikuwa imekufa pamoja na boksi.

"Chomoa," Zuwena alisema, naye alichomoa bila kuambiwa mara mbili.

Ikabaki hadidiski. Alifungua skrubu zake, akaitoa akiishika pembeni, na Zuwena akamsogezea mashine yake mwenyewe aliyoitumia kazini, akiwa ameshaizima na kuitoa waya. Ile ya Mwalimu ingefungwa humo iwe ya pili. Kulikuwa na kipande kidogo cha plastiki cha kuhamisha ili mashine ijue hadidiski ipi ni ya kwanza na ipi ya pili; Muzamil alikidondosha, akakitafuta sakafuni kwa magoti, akakipata. Kisha akaanza kuusukuma utepe, ukagoma, akakaza mkono.

"Ukilazimisha unavunja," Zuwena alisema. "Mstari mwekundu uelekee pale umeme unapoingia. Umeugeuza."

Aliugeuza. Ukaingia wenyewe.

"Ona," Muzamil alisema kwa mshangao wa kweli. "Ni rahisi."

Zuwena alimtazama mwanaume huyu aliyesoma mwaka mzima, akafungua hospitali, na leo ndiyo kwanza anagundua kwamba kitu kikikaa mahali pake kinaingia. Dharau ilimrudia, ya zamani, yenye joto lake. Karibu amshukuru kwa kuirudisha.

Mwalimu Rogathe alipofika ng'ambo akakuta mlango umefungwa, mtu wa jirani alimwelekeza huku. Aliingia akikunja shingo kunusa.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema wote wawili.

"Marahaba. Mbona mnanuka moshi?"

Zuwena aliwasha mashine. Ikanguruma, ikafikiri, kisha majalada ya Mwalimu yakajitokeza kwenye kioo. Akafungua la kwanza. Kwanza kulikuwa na jogoo akiwika mbali, kisha kikohozi, kisha sauti ya bibi mzee ikaanza kusema Kigorowa, kavu, ya polepole, yenye kuburuta mwisho wa kila sentensi. Mwalimu alivua miwani, akaiacha ining'inie kwenye kamba yake. Alisikiliza akiwa amesimama. Mahali fulani bibi alicheka, na Mwalimu akacheka naye, kisha akafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Asante, Muzamil," alisema.

"Tumeshirikiana, Mwalimu. Mimi na Mama Shadya tumeshirikiana."

Zuwena aliangalia dari.

"Wewe?" Mwalimu alivaa miwani. "Nimekufundisha wewe. Hukuwahi kushirikiana na mtu, ulikuwa unanakili." Akamgeukia Zuwena. "Na mimi nikapita mlango wako. Niliona kibao kikubwa nikadhani kuna kitu."

"Wengi wanadhani hivyo, Mwalimu," Zuwena alisema, wala hakumsaidia kwa neno la kumfariji. Alimnakilia sauti zote kwenye sahani mbili za CD, akamwambia moja akae nayo na nyingine ampe ndugu wa mbali.

Mlio ule ulikuwa umesikika mji mzima, na hospitali haikupona. Kabla ya mvua Muzamil alishusha kibao akaanza kuuza simu na vocha, kazi ya maneno matupu, na akaiweza vizuri sana. Wenye kompyuta mbovu aliwaelekeza ng'ambo ya barabara kwa mkono wa mtu anayetoa sadaka.

Ndipo Dorika, mama lishe wa stendi, alipomletea Zuwena chakula cha mchana akiwa na habari mdomoni.

"Mama Shadya, kumbe! Baba Shadya anasema kijiweni bado unampenda. Anasema alikuwa karibu kunaswa na umeme, ukaruka kama simba jike ukamwokoa. Anasema mtu haruki vile kwa asiyempenda."

Zuwena alishika kijiko hewani. Uongo wa Muzamil aliukata siku zote, mmoja baada ya mwingine, sokoni, msibani, hata mbele ya kadhi. Kuukata huu kulikuwa rahisi kuliko yote. Ilitosha kumwambia Dorika kuhusu ile pumzi ya kabla ya kuruka.

"Ni kweli uliruka?" Dorika aliuliza.

"Niliruka."

"Basi ni kweli!"

Zuwena alitazama ng'ambo. Muzamil alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, amezungukwa na watu, mikono yote miwili hewani, akiwaonyesha jinsi alivyorukiwa.

"Acha aseme," Zuwena alisema, akaendelea kula.