Uzito: Kama Jana

"Andika uzito kama ulivyoandika asubuhi," nilimwambia shangazi, muuguzi, huku nikiiwasha upya programu yangu ya kusajili wagonjwa, kliniki ikiwa imeshafungwa. Mkuu wa kliniki alisema ikizimika tena mbele ya wagonjwa, wanarudi kwenye karatasi.

Akaandika: kama jana.

Asubuhi maneno hayo yaliizima programu, kwa kuwa ilitarajia namba. Sasa nilikuwa nimeielekeza idake kosa na kuuliza tena. Skrini ikajibu: "Tafadhali weka kilo kwa tarakimu."

"Ina adabu kuliko wewe," shangazi alisema, akahamia kwenye umri. Akaandika: mtu mzima.

Programu ikazimika.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mtego ule ule wa kudaka kosa ungefaa na hapo.

"Kesho kabla hamjafungua, shangazi, tunaanza na umri."

"Nitakuja na maneno mengine," akasema.