Utingo wa Mfarishi

Cherehani ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi ile. Kati ya sindano na shingo yake hupita gauni, au pazia likibanwa sana. Bibi Uzi, kama majirani walivyomwita, alikuwa akipitisha hapo mfarishi wa kufunika kitanda cha watu wawili: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Aliuviringisha kama mkeka, akaegemeza upande mmoja begani, na bado nusu nzima ilining'inia ng'ambo ya meza ikivuta kama mbuzi aliyegoma.

Kwa hiyo ilikuwa kazi ya watu wawili. Yeye alishona, dada yake alisimama ng'ambo akibeba uzito.

"Pokea!" aliagiza Bibi Uzi.

"Utingo kapokea, dereva kanyaga!" alijibu dada, kama wako kwenye lori, na wakacheka mpaka mstari ukaenda upogo.

Dada ndiye aliyekata viraka, kutoka nguo zake mwenyewe, awe na kitu cha kumwachia binti yake. Walianza kushona katikati, wakawa wanaelekea kingo taratibu. Walipofika pembeni, dada akafariki.

Baada ya msiba Bibi Uzi alijaribu peke yake. Uzito ukavuta kitambaa, sindano ikapinda, ikakatika. Ya pili nayo hivyo hivyo. Alipofunga ya tatu, ulimi ukamponyoka kwa mazoea: "Pokea."

Mfarishi ukawa mwepesi.

Hakuinua macho. Alishona mpaka mwisho wa mstari. Alipothubutu kutazama, ng'ambo ya meza palikuwa na kiti kitupu na ukuta, na ncha ya mfarishi ilikuwa ikishuka polepole, kama inashushwa na mtu aliyechoka mikono.

Hofu hiyo aliizoea. Ikaja nyingine, ya kumaliza. Kila alipoufikia mwisho wa mstari wa mwisho, alishika wembe akafumua mstari wote.

Alasiri moja binti wa dada akaingia, mkoba begani.

"Mama mdogo, kesho nasafiri. Kazi nimepata, chumba nimepata. Mfarishi wangu uko wapi?"

"Bado kidogo."

"Hiyo bado kidogo yako ina ndevu sasa." Binti akapitisha vidole pembeni mwa mfarishi. "Hapa pana matundu kama chujio. Umefumua mara ngapi?"

"Mwanangu, huu ukiisha, nitamwita kwa lipi?"

Binti hakuuliza nani. Alizunguka meza, akavuta kile kiti.

"Usikae hapo," Bibi Uzi alisema. "Pana mtu."

Binti alikitazama kiti. Kisha akakirudisha taratibu, akasimama kando yake. "Basi asogee kidogo. Mimi nashika ncha hii, yeye ile."

"Pokea," alisema Bibi Uzi.

Cherehani ikanguruma. Mfarishi ukateleza chini ya sindano kama maji.

"Mama mdogo." Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Ile ncha nyingine nayo iko juu."

"Shika yako. Usiangalie."

Ilipobaki mishono michache, mguu wa Bibi Uzi ukaachia pedali. Wembe ulikuwa palepale karibu na mkono wake. Binti alimwona akiutazama. Chumba kikatulia mpaka taa ndogo ya cherehani ikasikika ikilia.

Ndipo mfarishi uliposukumwa kuja kwake. Kidogo tu, kwa upole, jinsi dada alivyozoea kumsukuma kiwiko akianza kudeka.

"Haya," alisema Bibi Uzi. "Haya, dada. Nimesikia."

Akakanyaga. Akafika mwisho, akarudisha mshono nyuma kukaza, akakata uzi.

Ng'ambo ya meza binti alipepesuka. "Mbona umeachia ghafla?"

"Si mimi niliyeachia."

Waliukunja wawili, ncha kwa ncha. Bibi Uzi akauweka wote mikononi mwa binti.

"Pokea."

"Nimepokea, mama mdogo."

Bibi Uzi alisubiri maneno yaliyobaki, yale ya dereva kukanyaga, uso ameuelekeza kwenye kiti. Hayakuja. Akainama, akachomoa waya wa cherehani ukutani.